Kadi ya Haradali

Nilipoanza kazi ya muda katika makao ya wazee mjini Okayama, magharibi mwa Japani, majira ya joto ya mwaka 2017, nilikuwa na daftari dogo la mfukoni ambamo niliandika majina ya wazee wote wa ghorofa ya pili kwa herufi hizi zetu za a-be-che. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na sheria ya huko humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi saa 28 kwa wiki; saa zangu nilizitumia kuandaa chai, kukunja nguo zilizotoka kufuliwa na kusukuma viti vya magurudumu. Kijapani changu cha kusema kilitosha. Cha kusoma kilikuwa cha kubahatisha, lakini niliamini kwamba kwa majina ya watu sikio linatosha, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa: kwetu Tanga, mtu akikwambia anaitwa Subira au Riziki amekwisha kukwambia kila kitu, na anayeitwa Pili huna haja ya kumwuliza kama yuko aliyemtangulia.

Mwenyewe naitwa Mashaka. Mama alinipa jina hilo kwa sababu anazozijua yeye, na kila Mswahili anayelisikia huelewa nusu ya kisa kabla hajasimuliwa. Kwa Wajapani jina hilo lilikuja na balaa lake, kwa maana katika lugha yao neno masaka humtoka mtu anaposhangazwa na jambo asiloliamini, kama sisi tunavyosema "Haiwezekani!" Siku nilipojitambulisha ukumbini, bibi mmoja mwenye masikio mazito aliniuliza jina langu mara tatu, na kila nilipomjibu alizidi kushangaa pamoja nami.

Vicheko vilipotulia, mzee mmoja ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa kuandika kwa brashi akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Linaandikwa kwa kanji zipi?" Nikamjibu kwamba haliandikwi kwa kanji, zile herufi zenye asili ya Uchina, majina ya wageni kama sisi huandikwa kwa katakana, herufi zinazofuata sauti tu wala hazibebi maana. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeona mgeni wake amefika bila viatu.

Haukupita mwezi nikaelewa huruma ile ilitoka wapi. Wazee pale waliitwa kwa jina la ukoo likifuatwa na san, neno la heshima lisiloachwa, lakini akina Tanaka walikuwa watatu, na wawili kati yao waliitwa Yoko, kwa hiyo daftari langu lilikuwa na Tanaka Yoko juu na Tanaka Yoko chini. Siku moja nikampelekea mmoja sweta la mwenziwe. Hakukasirika. Aliifunua kola, akanionyesha jina lililoandikwa kwa wino usiofutika, kisha akakunjua kiganja cha kushoto na kwa kidole cha mkono wa kulia akachora juu yake, taratibu, kama anayemwandikia mtoto. "Mimi ni Yo wa jua," akasema. "Mwenye sweta hili ni Yo wa bahari."

Ile ko ya mwisho, 子, ni mtoto, na imo katika majina ya wanawake wengi mno wa rika lao. Lakini yo ni sauti tu, na sauti hiyo inamilikiwa na kanji nyingi: 陽 ya mwanga wa jua, 洋 ya bahari kuu, 葉 ya jani, na nyinginezo. Kwa hiyo 陽子 ni mtoto wa jua, 洋子 ni mtoto wa bahari kuu (ndivyo anavyoandikwa Yoko Ono, mjane wa John Lennon), 葉子 ni mtoto wa jani, na wote watatu ukiwasikia nyuma ya pazia ni Yoko yule yule. Hata ndani ya herufi mna vidokezo. Zile nukta tatu upande wa kushoto wa 洋 ni maji, nazo utazikuta tena katika kanji ya ziwa, ya machozi na ya kuogelea. Kile kisanduku kilichokatwa katikati ndani ya 陽 ni jua. Jioni ile ilinibidi nimwandikie dada yangu kule Tanga, ambaye nilikuwa nimemweleza kwa kujiamini kwamba Yoko maana yake ni mtoto wa jua, nimwambie kuwa nilimdanganya bila kukusudia, kwa sababu Yoko peke yake haina maana yoyote mpaka iandikwe.

Tangu hapo nikaanza kuliona swali la yule mwalimu kila mahali. Mtu akitaja jina lake kwa simu, anayempokea humwuliza kanji zake, naye hueleza bila kuudhika: huyu Kawa ni wa mistari mitatu, 川, si yule wa 河, ingawa yote mawili ni mto. Watu wanapobadilishana kadi za kazi huzishika kwa mikono miwili na kuzitazama kwa muda, na mimi niliyedhani kwamba hayo ni maonyesho ya adabu tu nikagundua kwamba wengi wao wanasoma kwelikweli, maana jina walilolisikia dakika moja iliyopita bado walikuwa hawajalijua.

Januari 2018 bibi mmoja aliyeitwa Sachiko alitimiza miaka 88. Umri huo una jina lake huko, beiju, na sababu yake ni ya macho vilevile: kanji ya mchele, 米, ukiifungua vipande vyake unapata 八十八, yaani themanini na nane. Nikapewa heshima ya kuandika kadi. Usiku mbili mfululizo nilijifungia katika chumba cha nguo nikiifanyia mazoezi kanji ya maisha marefu, 寿, ambayo mistari yake hunichanganya hadi leo, nikajaza kurasa nne za daftari. Jina lenyewe sikulifanyia mazoezi. 幸子, mtoto wa heri, ni kanji mbili ambazo mtoto wa darasa la tatu wa Kijapani amekwisha kuzijua, nami niliona aibu kuzirudiarudia.

Sasa, 幸 ina mapigo manane ya kalamu, na mimi nilipiga saba. Kule juu kabisa, mahali panapotakiwa msalaba mdogo, nikaweka nukta. Herufi iliyotokea ni 辛, ambayo ni ukali wa pilipili ulimini na pia ni uchungu wa maisha. Na 辛子, kwa bahati yangu mbaya, ni neno kamili linalosomwa karashi, yaani haradali. Mhudumu aliyesimama mbele ya keki kuisoma kadi alisita, akanitupia jicho, kisha akaisoma ilivyoandikwa: hongera za miaka themanini na nane, Haradali-san. Niliinama kuomba radhi hadi mgongo ukaniuma. Sachiko-san alicheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu, akaongeza mstari mmoja pale juu, akanigeuzia kadi nione. "Mmoja tu," akasema. Kalamu aliyopewa ilikuwa nyekundu, kwa hiyo kadi ilibaki mezani kwake miezi mingi, maandishi meusi na mstari mmoja mwekundu.

Baada ya kisa hicho mwalimu wa brashi alinichukua mikononi mwake. Kila Jumapili baada ya chai ya saa tisa alinikalisha mezani, akaweka karatasi, na badala ya kunifundisha akanitegea. Siwezi kulieleza jambo lile vizuri zaidi ya kusema kwamba vilikuwa vitendawili, ila vya kutegwa kwa macho. Alianza na majina ya ukoo mepesi, ambayo mengi ni picha ya mahali: 田中, Tanaka, ni katikati ya majaruba ya mpunga, 山田, Yamada, ni jaruba la mlimani, 小林, Kobayashi, ni msitu mdogo, 石川, Ishikawa, ni mto wa mawe. Akanieleza kwamba watu wa kawaida waliruhusiwa kutumia majina ya ukoo mwaka 1870, chini ya serikali ya Mfalme Meiji, na miaka mitano baadaye wakalazimishwa, ili kila mtu aandikishwe.

Kisha akafika alikotaka kunifikisha. Aliandika 一, mstari mmoja wa kulala, ambao ni moja, akaniambia kuna ukoo unaoandikwa hivyo tu. Nikajaribu kila namna ya kusoma moja. Jibu ni Ninomae: "kabla ya mbili". Akaandika 小鳥遊, ndege wadogo wanacheza. Jibu ni Takanashi, "hakuna mwewe", kwa sababu mwewe angekuwapo wasingecheza. Akaandika 月見里, kijiji kinachoonekana mwezi. Ni Yamanashi, "hakuna milima" ya kuuziba. Na 四月一日, tarehe mosi mwezi wa nne, husomwa Watanuki, "kutoa pamba", maana siku hiyo katika kalenda ya kale watu walitoa pamba iliyoshindiliwa ndani ya nguo za baridi. Majina hayo ni adimu, lakini yalinifungua macho kuliko akina Tanaka wote, kwa sababu ndani yake sauti na maandishi vimeachana kabisa, kila kimoja kinakwenda njia yake, na msomaji ndiye anayetakiwa kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Niseme hapa kwamba mgeni akishaonja utamu huu hupitiliza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa kero, nikimtafsiria kila mtu jina lake la ukoo kana kwamba nimemgundulia hazina. Hakuna Tanaka anayewaza mpunga anapotia sahihi, kama ambavyo hatushangai kumkuta Juma aliyezaliwa Jumatatu. Jina la ukoo mtu amelirithi tu. Jina la pili ndilo ambalo mtu fulani, siku fulani, aliketi akalichagulia herufi, na ukitaka kujua wazazi walimwazia mtoto nini, basi tazama pale.

Kwa wazee wetu hilo lilionekana wazi, maana majina yao yalikuwa kama pete za shina la mti. Alikuwapo Masaru, aliyeandikwa kwa kanji ya ushindi, 勝, aliyezaliwa mwaka 1943 katikati ya vita. Alipenda kusema kwamba alipewa jina la ushindi na akaanza shule nchi ikiwa chini ya jeshi la waliomshinda. Alikuwapo Tome, mkubwa kuliko wote, ambaye jina lake lilikuwa la katakana tupu kama la wasichana wengi wa zamani, lakini maana yake haikuhitaji kanji: komesha. Baba yake alikuwa amechoka kupata mabinti. "Na baada yangu wakaja wawili," alisema Tome-san kila aliposimulia. Huyo ndiye niliyemwelewa upesi kuliko wote, kwa kuwa jina kama lake lingeweza kutoka kijiji chochote cha kwetu. Na alikuwapo Kazuko, 和子, mmoja kati ya Kazuko wengi sana waliozaliwa katika enzi ya Showa, iliyoanza Desemba 1926 na kuandikwa 昭和. Wazazi walichukua herufi ya pili ya enzi mpya, yenye maana ya amani na maelewano, wakambandika binti.

Ndiyo sababu tarehe 1 Aprili 2019 sitaisahau. Mfalme Akihito alikuwa anakaribia kung'atuka, na serikali ilikuwa itangaze jina la enzi ya mwanawe, itakayoanza tarehe 1 Mei. Kabla ya saa sita mchana tuliwasogeza wazee wote mbele ya televisheni. Katibu mkuu wa baraza la mawaziri, Suga Yoshihide, akatamka: Reiwa. Ukumbi ukawa kimya. Hakuna aliyefurahi wala aliyenuna, kwa sababu sauti ile bado ingeweza kuwa jambo lolote. Nilitazama nyuso zile zikingoja, na kwa mara ya kwanza nilingoja kama wao, bila kujaribu kuelewa kwa sikio. Ndipo akainua ubao wenye fremu: 令和. "Yangu!" akapaza sauti Kazuko-san, akionyesha herufi ya pili. "Hiyo yangu!" Mwalimu naye akaanza kunung'unika kuhusu ile ya kwanza, kwamba katika maneno ya kila siku 令 ni amri, akajibiwa kwamba maana yake ya kale ni kitu kizuri, chema, na ubishi huo haukuisha hadi chakula cha jioni. Serikali ilieleza kwamba imekusudia uzuri.

Mwaka huohuo muuguzi mmoja wa ghorofa yetu alijifungua mtoto wa kiume, nami nikaona kazi yenyewe ikifanyika. Wazazi wana siku 14 za kumwandikisha mtoto. Kanji wanazoweza kutumia zimewekewa mipaka na sheria tangu mwaka 1948. Sasa ni 2,136 za matumizi ya kawaida na 863 zilizoongezwa kwa ajili ya majina, na mwaka 2004 serikali ilipopendekeza orodha mpya, watu walikuja juu walipokuta ndani yake kanji za kinyesi, saratani na laana, zikaondolewa. Lakini orodha haiwezi kuzuia kila kitu. Mwaka 1993, mjini Akishima katika jimbo la Tokyo, wazazi walitaka mtoto wao aitwe Akuma, yaani shetani, kwa kanji mbili ambazo kila moja ilikuwa halali; shauri likafika mahakamani kabla hawajakubali jina lingine. Muuguzi wetu hakuwa na mambo hayo. Shida yake ilikuwa mama mkwe, ambaye alihesabu mapigo ya kalamu ya kila jina lililopendekezwa, ukoo na jina pamoja, kwa sababu wapo wanaoamini kuwa idadi ya mapigo hubeba bahati, na kila jina zuri lilionekana kuwa na pigo moja zaidi au pungufu.

Usiku wa siku ya saba, kwa desturi, jina huandikwa kwa brashi na kutundikwa ukutani. Alitutumia picha ya karatasi hiyo: 大翔. Ya kwanza ni ukubwa, ya pili ni kuruka juu angani, na ndani yake mna mabawa. Mimi nikasoma Hiroto. Mwenzangu akasoma Yamato. Mwingine akasema bila shaka ni Taiga. Mama mtoto akatujibu kwamba ni Haruto, na sote tulikuwa tumesoma vizuri, kwa maana herufi zile huruhusu yote hayo na zaidi. La kustaajabisha ni kwamba daftari la familia la serikali liliandika kanji tu, bila matamshi. Mtoto yule aliandikishwa namna anavyoonekana, si namna anavyoitwa. Hilo limebadilika tarehe 26 Mei 2025, ambapo sheria mpya imeanza kutaka matamshi yaandikwe pia, tena yawe matamshi ambayo kanji hizo zinakubalika kusomwa. Niliisoma habari hiyo nikiwa Tanga, nikawaza kazi iliyowaangukia makarani.

Februari 2020, nilipokuwa nakaribia kurudi nyumbani, mwalimu wa brashi alitangaza kwamba siwezi kuondoka na jina lisilo na viatu. Aliandaa wino, na ukumbi mzima ukageuka kamati. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa 真釈迦: ma ya kweli, na shaka, ambayo katika matamshi ya Kijapani ni Buddha mwenyewe. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba mimi ni Mwislamu na jina hilo sitaweza kulibeba. Tome-san akaniunga mkono kwa hoja yake: Buddha hafuti meza. Wakajadiliana karibu saa nzima, wakikataa hii kwa kuwa ya kike, ile kwa kuwa ya duka la chai, mpaka wakatua kwenye 真謝夏. Ya kwanza ikabaki kweli. Ya kati, sha, ni kushukuru na pia ni kuomba radhi, na Sachiko-san ndiye aliyeing'ang'ania, akinitazama. Ya mwisho, ka, ni majira ya joto niliyofika nayo. Mwalimu akaiandika kwa mkono unaotetemeka ambao ulitulia mara brashi ilipogusa karatasi, akapiga mhuri wake mwekundu pembeni.

Karatasi hiyo sasa iko ukutani kwa Mama, ndani ya fremu, mbali na dirisha kwa sababu ya upepo wa chumvi. Siku niliyoileta nilimweleza herufi moja baada ya nyingine: hii kweli, hii shukrani na radhi, hii majira ya joto. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Na mashaka yenyewe ni ipi hapo?" Nikamwambia hakuna, wao wamefuata sauti tu, maana wakachagua yao.

"Siku tatu za uchungu nilizolala pale hospitali ya Bombo," akasema, "hawakuandika?"

Nikaitoa karatasi kwenye fremu, nikachukua kalamu, na chini ya mhuri wa mwalimu, kwa udogo, nikaandika 辛, mapigo saba, bila kukosea.